Mazombi Waliosema Kiswahili

Machi 22, 2026 Resident Evil, mfululizo wa gemu za kutisha wa kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ulitimiza miaka 30. Si umri mdogo kwa biashara ambayo vitu vyake huchakaa kabla rangi ya boksi haijapauka. Mfululizo huo umeuza zaidi ya nakala milioni 150, umetengenezewa filamu na katuni, na toleo lake jipya, Requiem, limempa mwanamke, Grace Ashcroft, nafasi miongoni mwa wahusika wakuu. Wapenzi wake wanakumbushana jumba la msituni la mwaka 1996, milango iliyofunguka taratibu huku moyo ukidunda, na uamuzi wa kwanza kabisa aliotakiwa kuufanya mchezaji: awe Chris Redfield au awe Jill Valentine. Mwanaume au mwanamke, hiari yako. Kwa mwaka ule, lilikuwa jambo la kupongezwa.

Katika kumbukumbu hizo ipo sura moja inayorukwa. Ni toleo la tano, lililotoka Machi 2009. Humo Chris Redfield, sasa kajaa misuli hadi shati linamkaba, anatua katika eneo la kubuni la Afrika liitwalo Kijuju na kuanza kuua watu weusi, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Watu hao wameingiziwa vimelea na kugeuka mazombi. Jina walilopewa kwenye gemu ni Majini. Wanapokuja mbio na mapanga na mashoka, hawaishii kunguruma kama mazombi wa matoleo ya mwanzo. Wanapiga kelele kwa lugha ya binadamu, na lugha yenyewe ni Kiswahili.

Kwa wachezaji wengi wa Tokyo, Toronto na Madrid, huenda hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuisikia lugha yetu: ikitoka kwenye spika za televisheni, wao wakiwa wameshikilia pedi na kulenga bastola. Gemu hiyo, tangu trela yake ya kwanza ya mwaka 2007, ilizua kishindo kilichodumu miaka miwili, kuhusu rangi, kuhusu wanawake, na kuhusu nani ana haki ya kulalamika. Sisi wenye lugha hatukuwamo.

Ugomvi wenyewe haukuanzia hapo. Mzozo juu ya namna michezo ya video inavyowachora wanawake na watu wasio weupe una umri unaokaribia ule wa michezo yenyewe.

Wanawake walikuwapo tangu mwanzo, mbele na nyuma ya skrini. Toru Iwatani alipobuni Pac-Man mwaka 1980, alieleza kwamba nia yake ilikuwa kuwavuta wanawake kwenye nyumba za michezo za Japani, ambazo wakati huo zilikuwa maskani ya wavulana waliopenda kulipua vyombo vya angani. Nchini Marekani, Dona Bailey alishiriki kuunda Centipede ya Atari mwaka 1981, na Carol Shaw akatengeneza River Raid mwaka 1982. Lakini picha iliyoganda akilini mwa watoto wa kizazi kile ni nyingine: mwanamke aliyebebwa na sokwe katika Donkey Kong ya 1981, na binti mfalme aliyefungiwa kasrini katika Super Mario Bros. ya 1985. Yeye kazi yake kutekwa, mwanaume kazi yake kukomboa. Ukitaka kujua kwa nini wasichana wengi waliona kuwa gemu ni mambo ya kaka zao, anzia hapo.

Kashfa kubwa ya kwanza ilikuja mwaka 1982, na wasimulizi wengi hupenda kuipita haraka. Kampuni ya Marekani iliyotumia jina la Mystique ilitoa kaseti ya Atari 2600 iitwayo Custer's Revenge, kwa bei ya dola 49.95. Mchezaji alikuwa Jenerali Custer, yule ofisa wa jeshi la Marekani aliyeuawa mwaka 1876 katika vita vya Little Bighorn na mashujaa wa Lakota na Cheyenne. Katika gemu amefufuliwa, yuko uchi isipokuwa kofia na viatu, anakwepa mishale ili amfikie mwanamke wa Wenyeji wa Amerika aliyefungwa kwenye nguzo. Akimfikia, anambaka, na mchezaji anaongezewa pointi.

Watengenezaji walipoionyesha New York mwezi Oktoba, nje walisimama waandamanaji: wanaharakati wa haki za wanawake na Wenyeji wa Amerika, bega kwa bega. Baraza la jiji la Oklahoma City liliipiga marufuku. Atari yenyewe, ikiona jina la mashine yake linachafuliwa, ilikwenda mahakamani. Ninachotaka msomaji akishike ni ule umati wa New York. Watu wale hawakuulizana kama kosa ni la rangi au ni la jinsia. Waliloliona ni kosa moja. Mwanamke yule alichaguliwa kwa sababu ni mwanamke na kwa sababu ni wa watu walioshindwa vita. Miaka iliyofuata, wabishi wa gemu waliyatenganisha mambo hayo mawili, kila kundi likabeba lake, na mjadala ukapoteza nusu ya akili yake.

Hatua inayojulikana zaidi ni ya Desemba 9, 1993, pale maseneta Joseph Lieberman na Herbert Kohl walipowaita wakubwa wa Nintendo na Sega mbele ya Seneti mjini Washington. Mortal Kombat ilishutumiwa kwa damu, na Night Trap ya Sega kwa kuonyesha wasichana wakivamiwa ndani ya nyumba. Kati ya mashahidi alikuwamo Profesa Eugene Provenzo wa Chuo Kikuu cha Miami, ambaye alikuwa amekagua majalada ya gemu 47 na kuhesabu wanaume 115 na wanawake tisa. Howard Lincoln wa Nintendo aliapa kwamba Night Trap haitatokea kamwe kwenye mashine ya kampuni yake. Mwaka 2018 ilitoka kwenye Nintendo Switch. Matunda ya kikao kile ni alama za umri unazoziona kwenye maboksi, zilizoanza mwaka 1994. Alama hizo husema kama kuna damu na kama kuna uchi. Hakuna alama ya dharau.

Kisha akaja Lara Croft. Tomb Raider ilitengenezwa na kampuni ya Core Design katika mji wa Derby, Uingereza, ikatoka mwaka 1996. Msanii aliyembuni, Toby Gard, alitaka mwanamke mkakamavu, mwenye akili, asiyehitaji kuokolewa. Idara ya mauzo ikaona kifua. Matangazo yalimfanya Lara kuwa mrembo wa mabango, akapamba jalada la jarida la The Face la London mwaka 1997, na mwaka huohuo Gard akaacha kazi, akiwa hakubaliani na namna mtoto wake wa kalamu alivyokuwa akiuzwa. Wasomi wamejaza rafu za maktaba wakibishana kama Lara aliwakomboa wanawake au aliwauza. Mimi nadhani alifanya yote mawili, na kwamba mishahara ya wabishi hao imelipwa vizuri. Twende Kijuju.

Julai 2007, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 huko California, Capcom ilionyesha trela ya Resident Evil 5. Chris Redfield anatembea katika mji wa jua kali na vumbi. Wakazi, wote weusi, wanamkodolea macho. Muda si mrefu wanamvamia kwa wingi, naye anafyatua risasi. Ukumbini watu walishangilia ubora wa picha. Nje ya ukumbi, waandishi weusi wachache walianza kuuliza swali la kawaida tu: hivi mnaona mnachokionyesha?

Swali hilo lilipata sauti kubwa Aprili 2008, pale N'Gai Croal, mwandishi mweusi wa masuala ya gemu katika jarida la Newsweek, alipohojiwa na kituo cha MTV. Makala haya yanamtegemea sana yeye, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu katika kelele zile ndiye aliyezungumza kwa utulivu kuliko wote. Croal hakusema mazombi weusi wasiuawe. Hakutaka gemu ipigwe marufuku. Alisema kwamba picha zile zina historia. Umati wa watu weusi usio na sura, unaotazama kwa hila kutoka kwenye milango yenye giza, ulichorwa kwanza katika vitabu na filamu za enzi za ukoloni, na ulichorwa ili kuhalalisha risasi. Katika trela ile, alisema, watu wa mji wanaonyeshwa kuwa hatari hata kabla mtazamaji hajajua nani mgonjwa na nani mzima. Akahitimisha kwamba ni kama vile hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika chumba cha kazi wa kumgusa mwenzake bega na kumwambia asubiri kidogo.

Alishambuliwa vibaya. Wapenzi wa gemu waliona wanaitwa wabaguzi kwa sababu ya burudani yao. Hoja yao kuu ilikuwa hii: Resident Evil 4 ya mwaka 2005 ilitokea katika kijiji cha Hispania, na mchezaji aliua Wahispania tangu asubuhi hadi jioni bila mtu yeyote kulalamika. Kama hadithi imehamia Afrika, mazombi wawe rangi gani?

Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuidharau. Gemu ya Afrika yenye mazombi wazungu watupu ingekuwa upuuzi wa aina nyingine. Lakini waliotoa hoja hiyo hawakujibu swali la Croal, kwa sababu yeye hakuuliza rangi ya mazombi. Aliuliza juu ya wale wazima. Mkulima wa Kihispania akigeuka zombi, mchezaji tayari anawajua Wahispania elfu wengine: wachezaji wa mpira, wachoraji, wapishi, mawaziri. Mwafrika wa kwenye gemu mwaka 2007 alikuwa na wenzake wangapi wa namna hiyo?

Capcom ilisema imeshangazwa. Mtayarishaji wa gemu, Jun Takeuchi, alieleza kwamba Afrika ilichaguliwa kwa sababu za hadithi, kwani ndiko virusi vya mfululizo mzima vilikopewa chimbuko, na kwamba miongoni mwa vitu vilivyowapa msukumo ni filamu ya Black Hawk Down. Hapo ndipo mambo yanapochekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Filamu hiyo ya mwaka 2001, ya mwongozaji Mwingereza Ridley Scott, inasimulia vita vya Mogadishu vya Oktoba 1993, ambamo wanajeshi 18 wa Marekani walikufa na Wasomali waliokufa wakawa mamia. Wamarekani wana majina, mama zao na picha za wachumba wao. Wasomali ni umati. Tena filamu haikupigwa Somalia, ilipigwa Morocco. Basi fuatisha njia hiyo: Wajapani wanaiga filamu ya Hollywood iliyopigwa Morocco kuhusu Somalia, wanaipeleka kwenye eneo la kubuni la Afrika Magharibi, kisha wanawapa wakazi wake lugha ya Afrika Mashariki.

Maana Kijuju, kwa mujibu wa gemu yenyewe, iko Afrika Magharibi. Kutoka Dakar hadi Lagos kuna Kiwolofu, Kibambara, Kihausa, Kiyoruba, Kiakani, Kiigbo na mamia ya lugha nyingine. Kiswahili hakimo. Watengenezaji hawakuwa wageni wa kosa la aina hii: hata wanakijiji wa Hispania katika toleo la nne walizungumza Kihispania chenye lafudhi ya Amerika ya Kilatini, na fedha yao ilikuwa peseta, ambayo Hispania ilishaiacha kwa ajili ya yuro. Wahispania walicheka. Wao wana vyombo vya kutosha vya kusikilizwa wanapocheka.

Mwaka 2008 trela nyingine ilitoka, na ndani yake kulikuwa na sura mpya: Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika, ofisa wa kikosi cha kupambana na ugaidi wa kibayolojia, mshirika wa Chris tangu mwanzo hadi mwisho. Maadui nao sasa walikuwa wa rangi mchanganyiko. Wengi waliona ni jibu kwa Croal na wenzake. Takeuchi alikana kwamba malalamiko yalibadilisha chochote, na mwenzake Masachika Kawata baadaye akasema wao ni watu wa burudani, hawatoi msimamo wa siasa, na haiwezekani kumridhisha kila mtu.

Sheva alistahili gemu nzuri zaidi. Hadithi yake, ukiisoma kwenye mafaili yaliyofichwa ndani ya mchezo, ni nzito: wazazi wake walikufa kwa sababu ya kiwanda cha kampuni ya Umbrella, ile kampuni ya dawa ambayo ndiyo mwovu mkuu wa mfululizo mzima, akalelewa na ndugu, akatoroka, akaishi na waasi, kisha akasoma na kuwa askari. Hapo kuna gemu nzima juu ya makampuni ya kigeni na miili ya Waafrika. Haikutengenezwa. Sauti na miondoko yake ilitolewa na mwigizaji Mmarekani Karen Dyer, aliyejitahidi sana kumpa utu. Lakini unapoanza kucheza peke yako huruhusiwi kuwa Sheva. Lazima kwanza uimalize hadithi yote ukiwa Chris, ndipo mlango unafunguliwa. Jill Valentine wa mwaka 1996 hakuwekewa sharti hilo. Kama huna rafiki wa kukaa naye pembeni, Sheva huendeshwa na kompyuta: anakubebea risasi na dawa, anakutibu, na akifa umeshindwa.

Na kuna suala la nguo. Gemu ina mavazi ya ziada ambayo mchezaji huyapata kama zawadi, kwa mfano kwa kukusanya nembo zilizofichwa njiani. Moja ya mavazi ya Chris linaitwa Safari. Ni nguo kamili ya mzungu anayekwenda kutazama simba. Moja ya mavazi ya Sheva linaitwa la kikabila: vipande viwili vya ngozi ya chui, chini na juu, na michoro ya rangi mwilini. Huyu ni ofisa mwenye mafunzo ya kijeshi, anapambana na silaha za kibayolojia katika ardhi aliyozaliwa, na tuzo ya mchezaji hodari ni kumvua sare yake.

Hapo ndipo namrudia yule mwanamke wa kwenye nguzo wa mwaka 1982. Lara Croft alivuliwa pia, tena na wachezaji wenyewe waliosambaza programu ya kumfanya akimbie uchi. Lakini hakuna aliyemvika Lara ngozi ya mnyama na kuliita vazi la kabila la Waingereza. Mwanamke mweusi alilipishwa mara mbili. Na katika ugomvi wa 2007 hadi 2009, waliolia juu ya rangi walizungumza zaidi juu ya mazombi, waliolia juu ya wanawake walizungumza zaidi juu ya Lara na dada zake, na Sheva akabaki katikati akiwa hana wakili.

Aliyemtetea kwa kalamu ya kisomi alikuwa André Brock, mtafiti Mmarekani mweusi, ambaye mwaka 2011 alichapisha utafiti katika jarida la Games and Culture juu ya gemu hiyo pamoja na maneno ya wachezaji walioibishania. Ninavyomwelewa, shina la hoja yake ni kwamba gemu nyingi humchukua mwanaume mweupe kuwa ndiye binadamu wa kawaida, halafu wengine wote wanakuwa wageni, hata wakiwa kwao. Ndiyo maana Sheva, aliyezaliwa Afrika, anaonekana kama msindikizaji, na Chris, aliyeshuka jana, anaonekana kama mwenye nyumba.

Katikati ya gemu mambo yanazidi. Chris na Sheva wanavuka kinamasi na kukutana na watu waitwao Ndipaya: sketi za majani, vinyago, mikuki, ngao. Daftari la kijana mmoja wa kijiji, ukiliokota, linaeleza kwamba watu wa hapo hawakuvaa hivyo siku zote. Waliyavaa mavazi ya kale baada ya kudungwa sindano. Kumbe basi mwandishi wa hadithi alijua. Alijua kwamba Mwafrika wa leo havai sketi ya majani kwenda kuvua samaki, akatafuta kisingizio cha kumvika hata hivyo. Kosa la mtu asiyejua husameheka upesi kuliko hili.

Gemu iliuzwa vizuri mno. Kabla mwaka 2009 haujaisha ilikuwa imepita nakala milioni 5, na kwa miaka mingi ilikuwa toleo lililouzwa zaidi katika mfululizo wote.

Nimesoma mengi juu ya mzozo huo, na sauti ambayo sijaikuta ni ya mzungumzaji wa Kiswahili. Wamarekani weusi wamo, Wajapani wamo, wakaguzi wa Uingereza wamo, wasomi wa Ulaya wamo. Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar, Bujumbura na Lubumbashi hazimo. Sababu si kwamba hatukuwa na gemu. Mwaka 2009 vibanda vya gemu vilikuwa vimejaa mitaani, televisheni ya chogo, benchi la mbao, vijana wanalipia kwa mechi. Lakini vibandani tulicheza mpira, na PlayStation 3 iliyobeba Kijuju ilikuwa ghali kuliko kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Wenye mamlaka ya lugha, kwa upande wao, waliona gemu ni utoro wa shule. Hata leo wengi wao wanaona hivyo.

Kinachouma ni kwamba tulikuwa na mfano mwingine mkononi. Miaka minne kabla ya Kijuju, mwaka 2005, gemu ya Marekani iitwayo Civilization IV ilitoka na wimbo wa ufunguzi uitwao Baba Yetu, ambao mashairi yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mtunzi wake, Christopher Tin, ni Mmarekani mwenye asili ya China. Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, muziki wa kwanza kutungwa kwa ajili ya gemu kufikia hapo, na kwaya za dunia nzima zinauimba hadi leo. Lugha ileile, tasnia ileile, muongo uleule. Mmoja aliiendea kwa heshima, mwingine akaitumia kutisha watu.

Tena mwaka uleule wa 2007, trela ya Capcom ilipokuwa ikipigiwa makofi California, Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ambayo shujaa wake ni mwanamke wa Kiafrika anayetafuta vitu vya kale vya bara lake. Haikuwa na bajeti ya Osaka, na inaonekana hivyo ukiitazama. Lakini Nyangi hakusubiri mchezaji amalize hadithi ya mtu mwingine ndipo aruhusiwe kusimama mbele. Kirinya baadaye alishirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha Leti Arts. Ni wangapi katika Afrika Mashariki wanaolijua jina la Nyangi? Wanaomjua Lara wanaweza kujaza uwanja.

Yaliyofuata duniani yanajulikana na yamesimuliwa sana. Mwaka 2009 shirika la Equality Now, lenye ofisi pia Nairobi, liliongoza kampeni dhidi ya RapeLay, gemu ya Kijapani ya ubakaji, hadi chombo cha wenye tasnia hiyo nchini Japani kikakaza masharti. Mwaka 2012 mchambuzi Anita Sarkeesian aliomba michango ya dola 6,000 za kutengeneza video za uchambuzi juu ya wanawake katika gemu. Akachangiwa zaidi ya dola 158,000, na akatishiwa maisha. Agosti 2014 vilianza vitimbi vilivyoitwa Gamergate, vilivyomlenga kwanza mtengenezaji gemu Zoë Quinn, na Oktoba mwaka huo Sarkeesian alifuta mhadhara katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya kutishiwa mauaji ya halaiki, polisi wakisema sheria ya jimbo haiwaruhusu kuwazuia watu wenye kibali kuingia na bunduki. Waliojificha nyuma ya majina ya bandia walidai wanatetea maadili ya uandishi wa habari. Maadili ya uandishi hayahitaji kumtishia mwanamke nyumbani kwake.

Tangu hapo ugomvi umehama kutoka kwenye skrini kwenda maofisini na mahakamani. Desemba 2021 kampuni ya gemu ya Riot Games ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi dhidi ya wafanyakazi wake wanawake. Mwaka huohuo jimbo la California liliishtaki kampuni nyingine, Activision Blizzard, kwa madai kama hayo. Julai 2025 mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, iliwatia hatiani waliokuwa viongozi watatu wa Ubisoft kwa unyanyasaji kazini. Kwetu, Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya kigeni kucheza gemu ya Tekken mwaka 2018 na kuonyesha kwamba pedi haina jinsia, ingawa mashindano mengi ya mitaani bado yanaendeshwa kana kwamba inayo.

Resident Evil 5, kwa upande wake, ilitolewa upya kwa PlayStation 4 na Xbox One mwaka 2016, kisha Nintendo Switch mwaka 2019. Picha zilisafishwa. Majini, Ndipaya na ngozi ya chui havikuguswa.

Sipendekezi marufuku. Marufuku huuza gemu kuliko tangazo lolote, na mtoto anayetaka Kijuju atakipata. Ninachotaka ni kwamba lugha hii, ambayo Umoja wa Afrika umeikubali kuwa lugha yake ya kazi na UNESCO imeitengea Julai 7 kila mwaka, iwe na mtu wa kupokea simu pale kampuni ya gemu inapotaka kuitumia. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, ipo visiwani, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ipo hukohuko. Kwenye maadhimisho ya Julai 7 ijayo, kati ya makongamano na ngonjera, zitengwe saa mbili tu kwa watengenezaji gemu wa kanda hii, wasichana wakiwamo, na barua rasmi ziende Capcom, Ubisoft na wenzao zikieleza wapi pa kupata wakalimani, waigizaji wa sauti na washauri wa Kiswahili, na kwa bei gani.